Mume Wangu Anajua Naenda Kwenye Kikoba, Kumbe Ni Yoga

Assalamu alaikum, Mshauri.

Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tanga, mke na mama wa watoto wawili. Miaka miwili iliyopita niligundulika kuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Nilifanyiwa upasuaji, wakaondoa kizazi, ovari zote mbili na tezi za limfu za nyonga, kisha nikapelekwa kwenye mionzi kwa wiki tano huku kila wiki nikitundikiwa dripu ya dawa ya saratani. Namshukuru Mungu kwamba vipimo vyote vya marudio tangu wakati huo vimekuwa safi.

Kuna jambo ambalo hakuna aliyenieleza kabla sijasaini karatasi ya upasuaji, au pengine lilielezwa na mimi sikulisikia kwa hofu niliyokuwa nayo: kwamba nitakapozinduka nitakuwa nimekoma hedhi siku hiyo hiyo. Mama yangu mzazi alikoma akiwa na miaka 52, pole pole, sisi binti zake tukimtania. Mimi sikupewa hata wiki. Joto lilianza nikiwa bado wodini, nikadhani ni homa ya kidonda. Sasa hunijia mara nane hadi kumi kwa siku. Nikiwa nasahihisha madaftari nahisi kama mtu amefunua chungu cha maji yanayochemka kifuani pangu, uso unaloa, na jasho linadondoka juu ya kurasa mpaka wino mwekundu unatawanyika. Usiku ni zaidi. Naamka kanga imeloa, naianika kwenye nondo za dirisha, naweka feni namba tano na kukaa sakafuni kwa sababu saruji ina ubaridi. Ramadhani iliyopita nilifunga mwezi mzima bila kubakiwa na siku ya kulipa. Mama mkwe aliniambia mashaallah mbele ya watu tukifuturu. Nikaenda jikoni kulia.

Miezi saba iliyopita mwenzangu niliyelazwa naye alinipeleka kwa mama mmoja mstaafu anayefundisha yoga nyumbani kwake. Yeye alijifunza India, alikokaa muda mrefu akimuuguza dada yake. Tuko wanawake sita, wanne tumepitia saratani. Tunalipa shilingi 5,000 kila kipindi, mara mbili kwa wiki. Tunatandika mikeka, tunapumua taratibu, tunanyoosha mgongo na nyonga, na mwisho tunalala chali kimya. Nilikwenda bila imani yoyote. Mwezi wa pili nikalala saa tano mfululizo, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau. Tangu mionzi nilikuwa naswali nimekaa kitini kwa sababu nyonga zilikaza. Mwezi wa nne wa mazoezi niliweza kusujudu tena chini. Hilo sijamwambia mtu isipokuwa wewe.

Sasa nimebanwa. Mume wangu nilimwambia kwamba siku hizo mbili nakwenda kwenye kikoba. Nilifanya hivyo kwa sababu wifi yangu aliwahi kuona picha za yoga kwenye simu akasema kwamba hiyo ni ibada ya Wahindu, na mume wangu hakumpinga. Ni kweli pia kwamba mwalimu wetu hufunga kipindi kwa kutamka neno moja la kuvuta, sote tukiwa tumeunganisha viganja, na mimi huchezesha midomo tu. Mwaka unakwisha na mume ananiuliza kikoba kitavunjwa lini, maana ametegemea mgao wangu ununue bati za jiko.

Chumbani nako hakuna kitu. Tendo la ndoa linaniuma kama kukwaruzwa, nikaacha. Mwezi wa tatu huu amehamia sebuleni, anasema feni inampa mafua. Mimi najua maana yake. Mwanamume akianza kulala sebuleni anatafuta pa kulala kwingine, na mimi si mwanamke kamili tena wa kumzuia.

Mwisho, mwalimu wetu aliniambia kwamba mwili ukishaizoea yoga utatengeneza homoni zake wenyewe, na kwamba vidonge huuzuia. Hospitali nilikuwa nimeandikiwa kidonge kimoja cha usiku kwa ajili ya joto, nikakiacha. Joto halijapungua. Tena wiki tatu sasa mguu wa kushoto umevimba, jioni kamba ya kandambili inachora mfereji. Mwalimu anasema nizidishe mkao wa kuinua miguu juu. Kliniki yangu ya marudio ni baada ya miezi miwili, na naogopa kwamba nikienda mapema wataniambia imerudi, au wataniambia niache kitu pekee kilichonirudishia usingizi.

Niache yoga niokoe ndoa yangu, au niendelee kwa siri?

Mwenye Mkeka, Tanga

MSHAURI ANAJIBU

Wa alaikum salaam, dada yangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unaniuliza swali moja, yoga au ndoa, lakini ndani yake umeniwekea mambo mengi yaliyofungwa kwenye kanga moja: mwili uliobadilishwa bila kuandaliwa, uongo mdogo uliokua, kitanda kilichogawanyika, na mguu. Mguu umeuweka karibu na mwisho, kama jambo la kupita. Niruhusu niutangulize, kwa sababu katika mambo yako yote huo ndio usioweza kusubiri mazungumzo.

Tezi za limfu zikiondolewa, na eneo hilo likapigwa mionzi, maji ya limfu hukosa njia ya kurudi juu, na mguu unaweza kuvimba baada ya miezi au hata miaka. Huenda hali yako ni hiyo, nayo hudhibitika kwa soksi au bandeji maalumu za kubana, kwa mazoezi yanayopangwa na mtaalamu wa fiziotherapia, na kwa kuitunza ngozi isipate michubuko. Ikiwahiwa hudhibitika vizuri zaidi. Lakini mguu mmoja unaovimba kwa mtu aliyeugua saratani unaweza pia kuwa na damu iliyoganda ndani ya mshipa, na bonge hilo likichomoka likaenda kwenye mapafu linaweza kuua. Mara nyingine kuna kitu kinachobana njia huko nyongani. Mambo haya matatu hayatofautishwi kwa alama ya kandambili, yanahitaji daktari na kipimo cha altrasaundi. Nenda wiki hii, usingoje tarehe ya kadi. Ukihisi maumivu, joto au wekundu kwenye mguu huo, au pumzi ikakubana, nenda siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Mpaka upimwe, usiukande na usiufanyie mkao wowote ulioambiwa uuzidishe.

Umesema unaogopa wasije wakakuambia imerudi. Hofu hiyo kila aliyetoka kwenye mionzi anaijua, na hairudi nyuma kwa kuambiwa usiogope. Ninachokuomba ufikirie ni kwamba miezi miwili ya kungoja haitabadilisha kilichomo mguuni isipokuwa kukipa nafasi, na kwamba kuna uwezekano mkubwa tu wa kutoka hospitali ukiwa umebeba soksi ya kubana na si habari mbaya. Nenda na yule mwenzako wa wodini kama huna wa kwenda naye.

Nije kwenye joto. Mama yako alikoma kwa miaka. Ovari zake zilipunguza homoni ya estrojeni kidogo kidogo, na mwili ukapata muda wa kuzoea. Zako ziliondolewa kwa siku moja, na kiwango cha homoni hiyo hushuka ndani ya siku chache. Ubongoni kuna sehemu inayodhibiti joto la mwili. Estrojeni ikikosekana, sehemu hiyo huwa na wasiwasi kupita kiasi, na badiliko dogo la joto ambalo zamani isingelijali, sasa hulichukua kama moto wa kuzimwa. Ndiyo maana unafunguliwa jasho ukiwa umekaa tu na madaftari. Si udhaifu wako, wala si adhabu. Kwamba hukuandaliwa kwa hili ni kosa lililotendwa kwako, na una haki ya kulisema kliniki kwa sauti ya kawaida kabisa, ili na anayesaini kesho aelezwe.

Hapa napaswa kutofautiana na mwalimu wako, ambaye naamini hakukuambia kwa nia mbaya. Homoni hiyo ilikuwa ikitengenezwa zaidi na kiungo ambacho hakimo tena mwilini mwako. Kiasi kidogo hupatikana kupitia tezi zilizo juu ya figo na mafuta ya mwili, lakini hakitoshi kuziba pengo, na hakuna mkao utakaorudisha kilichoondolewa. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio la yoga la wiki 12 kwa wanawake wenye joto la kukoma hedhi. Joto halikupungua kuliko kwa wale walioendelea na maisha yao ya kawaida, lakini usingizi wao uliboreka. Mwaka 2023 chama cha wataalamu wa kukoma hedhi cha Marekani kiliiweka yoga miongoni mwa mambo ambayo hakiyapendekezi kama tiba ya joto hilo. Ukiitazama barua yako utaona umeandika jambo hilo hilo bila kusoma utafiti wowote: saa tano za usingizi, nyonga zilizolegea, na joto lile lile. Kwa hiyo yoga imekufanyia kazi, ila si kazi ile uliyoambiwa itakufanyia.

Ndiyo maana kidonge ulichokiacha kinanisumbua. Sijui ni kipi. Dawa za joto ziko za namna nyingi: ziko za homoni, na ziko zisizo za homoni, kama gabapentini, au venlafaksini ambayo pia hutumika kutibu sonona na haifai kukatizwa ghafla. Tafuta pakiti yake, uende nayo. Uliza pia kinyama kilichopelekwa maabara kilionyesha saratani ya aina gani, maana iko ya seli bapa na iko ya seli za tezi. Kwa aina ya kwanza madaktari wengi hawaoni kizuizi cha kumpa homoni mwanamke wa umri wako. Kwa aina ya pili hupima kwa uangalifu zaidi. Hili si suala la jasho peke yake. Mwanamke anayepoteza ovari akiwa na miaka 39 anapoteza pia kinga ya mifupa na moyo ambayo mama yako alibaki nayo miaka 13 zaidi. Huenda ukakubali dawa, huenda ukakataa, lakini ukatae ukijua unakataa nini.

Mifupa inanirudisha kwenye mkeka. Mionzi ya nyonga hudhoofisha mifupa ya hapo, na ukosefu wa estrojeni hudhoofisha mifupa yote. Ukiruhusiwa kuendelea, mwambie mwalimu wako wazi kwamba mikao ya kuinama mbele kwa nguvu huku mgongo umepinda kama upinde, ya kusimamia mabega, na ya kukandamizwa nyonga na mtu mwingine haikufai. Ile ya kusimama umeegemea ukuta au kiti, ukiubeba uzito wako mwenyewe, inakufaa zaidi, pamoja na kutembea na kula dagaa bila kuwatoa miiba. Pumzi za taratibu, hasa za kutoa hewa kwa muda mrefu kuliko kuivuta, hazina gharama. Unaweza kuzifanya darasani wakati joto linapanda. Hazitalizuia, lakini walau moyo hautakimbia nalo.

Sasa chumbani. Umeniandikia kwamba usiku unaweka feni namba tano, kisha aya tatu baadaye ukaniandikia kwamba mumeo amehamia sebuleni akisema feni inampa mafua, na kwamba wewe unajua maana yake. Je, inawezekana maana yake ni mafua? Simtetei, simjui. Inawezekana hofu yako ni ya kweli, na wanaume wa namna unayoiogopa wapo. Lakini wapo pia waume wanaoogopa kumgusa mke aliyepasuliwa, wasije wakamtonesha. Wapo wanaodhani kwa siri kwamba saratani inaambukizwa kitandani au mionzi imebaki mwilini, na wanaona aibu kuuliza. Wapo wanaoona mke amejigeuzia ukutani wakadhani wamekataliwa wao. Miezi mitatu hii, ni nani kati yenu aliyemwambia mwenzake tendo linauma? Katika barua yako sikuona.

Na kuuma kwenyewe kuna sababu zinazotibika. Ukosefu wa estrojeni hukausha uke na kuufanya mwembamba, na mionzi huweza kuukaza na kuufupisha. Kuna vilainishi vya maji vinavyouzwa duka la dawa, kuna krimu ambayo daktari anaweza kuiona inakufaa, na kuna vijiti laini vya kuupanua pole pole ambavyo mara nyingi hutolewa kwa waliopata mionzi. Somo wako alikufunza ulipovunja ungo, akakufunza tena ulipoolewa; kwa hili la sasa hukuwekewa somo. Muulize nesi wa kliniki. Wameulizwa mara nyingi kuliko unavyodhani. Kuhusu neno lako kwamba si mwanamke kamili, sitabishana nalo kwa maneno matamu. Nitakuuliza tu kama ungemwambia hivyo mmoja wa wale wanawake watatu wenye saratani mnaotandika mikeka pamoja.

Suala la dini ni zito, na mimi si mwanachuoni. Naweza kukupa mifano miwili ili ujue kwamba wenzako Waislamu wamelipitia. Mwaka 2009 Baraza la Maulamaa la Indonesia lilikataza yoga yenye mantra, yaani maneno ya ibada yanayotamkwa kwa kurudiwa, na mambo mengine ya ibada ya Kihindu, lakini halikuyakataza mazoezi ya viungo yasiyo na hayo. Mwaka 2017 Saudi Arabia iliruhusu yoga ifundishwe kama mchezo wa mazoezi. Ukiitazama hali yako kwa mizani hiyo, wifi yako hajasema upuuzi. Amegusa kile kile kinachokufanya wewe mwenyewe uchezeshe midomo bila sauti. Unaweza kumwomba mwalimu amalize kipindi kwa ukimya, au wewe utoke kabla ya tamko. Akikubali, una jambo jepesi zaidi la kumweleza mume, na la kumuuliza sheikh unayemwamini. Akikataa, utajua kwamba unahitaji mahali pengine. Kufanyia nyumbani kunawezekana pia, mkeka ni mkeka, ila utakuwa umewapoteza wale watano, na nashuku kwamba nusu ya usingizi wako unatoka kwao.

Kuendelea kwa siri ni njia pia, na sitakuambia ni dhambi au si dhambi. Nitakupigia hesabu tu. Mara mbili kwa wiki kwa miezi saba, kwa shilingi 5,000, ni karibu laki tatu, na hiyo ndiyo pesa mumeo anayoiona kichwani mwake ikigeuka bati. Siku ya kuvunja kikoba itakapofika utahitaji ama pesa hiyo ama uongo wa pili, na wapo waliokwenda kukopa kwenye kikoba cha kweli ili kufunika kile cha uongo. Ukimweleza sasa, huenda akakasirika, na hasira yake itakuwa na haki kidogo. Huenda pia akakuzuia kwenda. Akiletewa habari na mtu mwingine, kwa mfano wifi yako, atakasirika kwa yoga na kwa kikoba kwa pamoja, na sebule itakuwa mbali zaidi.

Ikiwa utachagua kumweleza, wewe ndiye unayejua saa zake za usikivu. Mimi nisingeanzia kwenye neno yoga. Ningeanzia kwenye kiti ulichokuwa ukiswalia, ambacho naye amekiona, na siku uliyoweza kuweka paji la uso chini tena. Kisha ningemweleza lile la mafua na feni, na maumivu, hata kama sauti itatetemeka. Au ukiona ni zito mno kwa mkupuo mmoja, mwombe akusindikize hospitali kwa ajili ya mguu, na njiani mtakuwa na muda. Huenda mbele ya daktari akauliza lile ambalo sebuleni hakuthubutu.

Sijakuambia uache wala uendelee, kwa sababu jibu la mguu linaweza kulibadilisha swali lenyewe. Ukiniandikia tena, nami natumaini utaniandikia, niambie kwanza altrasaundi ilisema nini, ndipo unieleze ya bati.

Dada yako,
Mshauri